Nilifunga folda, shemeji akanuna

Suala la simu kati ya mke na mume limeshaandikwa mpaka limechosha. Aangalie, asiangalie, ampe namba ya siri, asimpe. Mimi leo sina habari ya simu. Nina habari ya kompyuta moja iliyokaa chini ya meza ofisini kwetu, haina skrini wala kibodi, wote tunaitumia na hakuna anayeiangalia. Kitaalamu inaitwa seva. Hiyo ndiyo iliyotaka kunigombanisha na ukoo mzima wa mume wangu, na hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kutupatanisha. Nasimulia kwa sababu najua wako akina dada wengi wanaofanya biashara na waume zao, mashemeji na mawifi, na kila siku wanajiuliza: nifungue kila kitu ili nionekane mwema, au nifunge nionekane mchoyo?

OFISI YA NDUGU

Mimi na baba watoto tuna studio ya picha na kadi za harusi hapa Dar es Salaam. Tuliifungua mwaka 2014. Yeye anapiga video na picha, mdogo wake anatengeneza kadi na albamu, wifi yangu anashika mahesabu, halafu kuna dada wa mapokezi na vijana wawili wa kamera. Mimi nilisoma stashahada ya kompyuta kabla sijaolewa, na pale ofisini kazi yangu ni kupiga picha kwenye shughuli za wanawake, maana kwenye kitchen party mwanamume haingii. Ni ofisi ya ndugu kweli kweli. Chupa ya chai ni moja, chapati zinatoka nyumbani, na huyo shemeji aliuza pikipiki yake ili tulipe kodi ya fremu ya miezi sita ya kwanza. Lishikeni hilo la pikipiki, nitalirudia.

Mwanzoni tulikuwa tunahamisha kazi kwa flashi. Jamani, ile ilikuwa adha! Picha za harusi moja zinajaza flashi mbili, virusi vinatoka kompyuta hii vinaingia ile, na kadi ya mtu mmoja ina mafaili matano: "kadi final", "kadi final kabisa", "kadi final ya mwisho mpya". Siku ya kuchapa hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe.

Mwaka 2016 baba watoto akaletewa fundi. Fundi alifunga seva, akatengeneza folda moja akaiita "Wote", akairuhusu kila kompyuta ya ofisini iingie bila jina wala neno la siri. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamaliza, akalipwa, akaondoka. Sisi tukapiga makofi. Kila kitu kikawa kinaingia humo: picha, kadi, madeni ya wateja, mishahara, mpaka barua ya mwenye nyumba. Hakukuwa na pengine pa kuweka.

MZEE ALIPOVUA MIWANI

Desemba 2018 tulikuwa na harusi kubwa. Mimi nilikuwa nimepiga picha za kitchen party ya bibi harusi, na nyie mnajua mambo ya humo: kungwi anafunda, mwali yuko na khanga, mashangazi wamejifunga viuno. Mambo ya wanawake, ya ndani ya kuta nne.

Siku tatu baadaye alikuja baba mzazi wa bwana harusi kuhakiki majina ya wazee kwenye kadi. Dada wa mapokezi akamkaribisha kiti, akafungua ile folda ya "Wote", akaandika jina la familia atafute kadi. Skrini ya kaunta kwetu inaelekea kwa wateja. Kilichojitokeza si kadi. Zilijipanga picha za mkwe wake mtarajiwa, ndogo ndogo, safu kwa safu, na kungwi yuko katikati anaonyesha anachoonyesha.

Mzee alivua miwani, akatazama sakafu. Akasema, "Binti, nitakuja kesho." Hakurudi. Alimtuma kijana wake.

Jioni mama wa bibi harusi akanipigia simu. Hakufoka, na afadhali angefoka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu ataingiaje kwa wakwe zake?" Sikuwa na jibu. Harusi ilifungwa, namshukuru Mungu, lakini familia ile haijakanyaga tena ofisini kwetu, na ina mabinti wengine watatu.

Baba watoto akasema dada wa mapokezi afukuzwe. Nikamwambia, baba, huyu binti kosa lake liko wapi? Katafuta kadi pale alipoambiwa atafute. Aliyeweka kadi za baba mkwe na picha za mwali chumba kimoja si yeye. Siku hiyo nikaamua seva ile niishughulikie mwenyewe.

SAMBA SI NGOMA TU

Programu inayofanya kazi hiyo kwenye seva yetu inaitwa Samba. Ukisikia jina utadhani ngoma ya Brazil, lakini chanzo chake ni herufi tatu, SMB, ndiyo lugha ambayo kompyuta za Windows huitumia kuombana mafaili mtandaoni. Mwanafunzi mmoja wa Australia, Andrew Tridgell, aliandika programu ya kuizungumza lugha hiyo, na toleo la kwanza akalitoa Januari 1992. Jina alilolipa mwanzo lilikuwa na mwenyewe, kampuni ikalalamika, basi akaiambia kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B. Likapatikana samba. Programu hiyo ni ya bure hadi leo.

Uzuri wake ni kwamba mambo yote yako kwenye faili moja la maandishi, linaitwa smb.conf. Kila folda ya pamoja ina aya yake: jina kwenye mabano ya mraba, chini yake mahali ilipo kwenye diski, halafu masharti ya nani aingie na afanye nini humo. Nilipolifungua nikakuta fundi aliandika aya moja tu, na ndani yake kuna mstari unaosema guest ok = yes. Maana yake, mgeni yeyote karibu. Hata mtu aliyekuja na laptopu yake akaunganishwa kwenye mtandao wetu, naye karibu!

Nilichofanya si kitu cha ajabu. Kwanza kila mtu nikamfungulia jina lake na neno lake la siri. Pili nikawagawa watu kwa vikundi kufuatana na kazi. Tatu nikatengeneza folda sita badala ya moja:

Kadi: shemeji na mapokezi.
Picha: wapiga picha na shemeji, kwa ajili ya albamu.
Mahesabu: wifi, baba watoto na mimi.
Bei: wote wanasoma, ila wanaoandika ni wawili tu, wifi na baba watoto.
Pitisha: wote wanaweka na kuchukua, kila Ijumaa inafagiliwa.
Mwali: shughuli za wanawake. Humo tunaingia mimi na wifi, basi.

Hapo kuna jambo wengi hawalijui. Kufuli ni mbili, si moja. Kufuli ya kwanza ni ya Samba yenyewe: mstari wa valid users unasema nani aingie, na wa write list unasema nani aandike. Kufuli ya pili ni ya Linux, chini kwenye diski, na yenyewe inahesabu kwa namba. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kupita mlangoni ni 1. Ukijumlisha unapata 7, ruhusa kamili. Folda zetu za kazi nilizipa 2770: mwenye folda 7, kikundi chake 7, wengine wote sifuri. Ile 2 ya mbele kazi yake ni kufanya kila faili jipya liwe mali ya kikundi, si ya aliyeliandika peke yake. Bila hiyo shemeji anaweka kadi, dada wa mapokezi anataka kurekebisha jina, anaambiwa haruhusiwi, na lawama zinaanza upya. Kufuli zote mbili lazima zikubali ndipo mtu apite. Ni kama geti na mlango wa chumba: mlinzi wa geti akikuruhusu haina maana kila chumba umefunguliwa.

Jambo jingine. Kuna mstari wa kuifanya folda isionekane kwenye orodha. Msije mkadanganyika, kuficha si kufunga! Anayelijua jina la folda analiandika tu, na kama hakuna kufuli anaingia kama kwake.

"SHEMEJI, KWANI MIMI MWIZI?"

Kazi ya kompyuta ilinichukua Jumapili mbili. Kazi ya watu ilinichukua miezi mitano.

Jumatatu ya kwanza baba watoto alijaribu kufungua Mwali, ikamkatalia. Akaniita pembeni. "Hata mimi?" Nikamwambia, "Hata wewe, baba. Hasa wewe." Akacheka kidogo, lakini kile kicheko niliona hakikufika machoni.

Shemeji yeye hakucheka kabisa. Alibonyeza Mahesabu, ikamkatalia. Akabonyeza tena. Akageuza kiti. "Shemeji, kwani mimi mwizi?" Nilijitahidi kumweleza kwamba mahesabu hayamhusu kama ambavyo kadi hazimhusu wifi, kwamba hata mimi nimejiondoa kwenye Bei sina ruhusa ya kuandika. Akanijibu, "Pikipiki yangu nilipoiuza hamkuniomba paswedi." Ndugu msomaji, neno hilo liliniingia. Jumapili hiyo hakuja kula nyumbani, wala iliyofuata.

Usiku baba watoto akanigeukia. "Mke wangu, ofisi hii ni ya ndugu. Ukianza kuweka makufuli, watasema huna imani nao." Nikamuuliza, "Yule mama wa bibi harusi alituamini, imani yake tuliiweka wapi?" Akanyamaza. Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Habari zikafika kwa mama mkwe, maana kwenye ukoo wetu habari hupanda basi la kwanza la asubuhi. Akanipigia. "Mwanangu, nasikia umeweka makufuli ofisini." Moyo ulinipasuka. Nikamweleza yote, kuanzia Mzee na miwani yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia hivi: "Sasa ugomvi uko wapi hapo? Mimi nikija kwenu naingia mpaka jikoni, nafunua masufuria. Chumbani kwenu nimewahi kukanyaga? Na nani aliniambia nisikanyage?"

Nilipokata simu nikakaa nikawaza. Mama hakuambiwa na mtu, kwa sababu ana adabu zake na haya zake. Kompyuta haina haya. Anayebonyeza inamfungulia, awe mwali, awe baba mkwe. Yale ambayo sisi binadamu tunayaacha yajulikane tu, kwenye kompyuta lazima mtu akae ayaandike, mstari kwa mstari. Kuyaandika si kumtusi mtu. Ni kuifundisha kompyuta adabu ambayo watu wa ofisini wanayo tayari.

LAKI TANO NA KUMI

Maelezo hayo nilimpa shemeji. Akaitikia kwa kichwa, na kununa akaendelea. Kilichokuja kummaliza si maneno yangu.

Mei 2019 wifi akifunga mahesabu ya mwezi alikuta albamu kubwa tatu zimeuzwa shilingi 280,000 kila moja. Bei yetu ilikuwa 450,000. Hasara ya 510,000. Dada wa mapokezi akaonyesha orodha ya bei kwenye folda: kweli, imeandikwa 280,000. Nani kabadilisha? Baba watoto alipandwa na hasira, na ya kwanza kumtoka ilikuwa, "Hii ni kazi ya dogo! Si ndiye anayewahurumia wateja?" Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakujibu. Nilimwona anaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayejiandaa kuondoka na asirudi.

Nikasema ngojeni. Nikakaa kwenye kompyuta yangu nikaingia kwenye seva. Samba ina kipande chake cha kuandika daftari: nani kafungua faili, nani kaandika, nani kafuta, saa ngapi. Nilikuwa nimekiwasha tangu mwanzo. Nikawaita wote wasome wenyewe. Kwanza, shemeji kwenye Bei ni msomaji tu, hata angetaka asingeweza kubadilisha nukta. Pili, orodha iliandikwa juu yake saa 4 na dakika 12 usiku, na jina lililoko pale ni la baba watoto mwenyewe. Alikuwa amemtengenezea rafiki yake bei ya kirafiki, akahifadhi juu ya faili la bei za wote.

Ofisi ilinyamaza mpaka feni ikasikika. Halafu mume wangu alifanya kitu ambacho nitamheshimu nacho maisha yangu yote. Hakujitetea. Alimfuata mdogo wake pale mlangoni, mbele ya vijana na dada wa mapokezi, akamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe." Shemeji akaokota kikombe chake, akanywa funda moja, akanigeukia mimi: "Shemeji, hiyo ya Bei usije ukanifungulia hata siku moja!"

Tulicheka mpaka wifi akatoka machozi. Jumapili alikuja kula. Orodha ya zamani tuliipata kwenye diski ya akiba, ile ninayoijaza kila Ijumaa na kulala nayo nyumbani.

Hebu fikiria siku ile ingetukuta na folda ya "Wote". Kila mtu angekuwa ameweza kubadilisha bei, kwa hiyo kila mtu angekuwa mtuhumiwa, na lawama ingempata yule aliye mdogo kuliko wote. Aliyeuza pikipiki yake angetoka mlangoni akiitwa mwizi. Mlango ulio wazi kwa wote hauonyeshi upendo. Unamwacha kila mtu bila shahidi.

NAWE UNAWEZA

Kama una ofisi ndogo, saluni yenye kompyuta tatu, shule au duka la dawa, haya ndiyo ninayokushauri:

1. Anza na watu, si na kompyuta. Kaa na karatasi, andika nani anafanya kazi gani na anahitaji kuona nini. Hiyo ndiyo ramani ya folda zako.

2. Kila mtu awe na jina lake. Jina moja la "ofisi" kwa watu sita ni sawa na mswaki mmoja kwa watu sita. Na daftari la seva likisema "ofisi" ndiye aliyefuta, umejua nini?

3. Toa ruhusa kwa vikundi. Kijana akihama kutoka kamera kwenda mapokezi unamhamisha kikundi tu, hugusi folda hata moja.

4. Faili likifutwa kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye kapu la taka la Windows, linapotea moja kwa moja. Mwambie fundi awashe kapu la Samba lenyewe. Na folda ya pamoja si akiba. Diski ya akiba iwe nyingine, ilale jengo jingine.

5. Agana na kompyuta kuukuu. Sisi kaunta ilikuwa na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014, na yenyewe haiongei ila ile SMB ya kwanza kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB hiyo hiyo, kikafunga mafaili mpaka ya hospitali za Uingereza. Samba nayo tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 haiiwashi tena yenyewe. Usikubali fundi akuwashie ili kuokoa kompyuta moja.

6. Kumbuka sheria. Tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Picha ya mteja wako ni taarifa yake, wewe umewekeshwa tu.

7. Siku ya kufunga, anza kujifungia mwenyewe. Mimi ningeanza na shemeji nikajiachia mwenyewe kila folda, asingenielewa mpaka leo. Funguo kuu za seva ninazo kweli, kwa sababu lazima mtu awe nazo, ila kwenye kazi za kila siku natumia jina langu la kawaida na nakataliwa Bei kama yeye.

Watoto wetu sasa wamekua, wanaulizana ni kwa nini baba hana ruhusa ya folda ya mama. Baba yao ndiye anayewajibu, tena kwa kujidai: "Hiyo ni ya mabibi harusi. Mwanamume mwenye heshima zake haingii huko." Akimaliza anarudi kwenye albamu zake, nami narudi kwenye zangu. Mwezi uliopita mama mmoja aliyeniletea shughuli ya binti yake aliniuliza, kabla hata ya bei, picha zitakaa wapi na nani ataziona. Nilimtajia majina mawili. Akafungua pochi, akalipa kianzio.